Hiyo Grogan Unaenda Kununua Spea, Unajua Ilikuwa Jina la Nani?

Gari ya fathee ikipoteza kioo ama taa, kila msee wa Eastlands anajua pa kwenda. Unatoka Gikomba, unapita Kamukunji penye mafundi wanagonga mabati, unaibukia Racecourse, alafu unaingia Kirinyaga Road. Lakini ni nani husema Kirinyaga Road? Sisi husema Grogan. Na wasee hutania ati kioo kikiibiwa usiku, asubuhi utakikuta Grogan kinakungoja, ukinunue mara ya pili. Barabara ilibadilishwa jina, lakini mdomo wa mtaa ulikataa.

Sasa, Grogan alikuwa mtu. Ewart Scott Grogan, mlami aliyefariki 1967. Kama unauza mbao Gikomba, ama unanunua mbili kwa nne za kujenga keja, ama unasukuma mkokoteni, stori yake inakuhusu kuliko unavyodhani. Huyu ndiye buda aliyepewa msitu wa Kenya kwa karatasi, muda mfupi baada ya kutua hapa. Kaa rada.

Alifukuzwa chuo, akaoa kwa miguu

Grogan alizaliwa London tarehe 12 Desemba 1874, mtoto wa 14 kati ya watoto 21. Ndiyo, umesoma vizuri, 21. Chuo Kikuu cha Cambridge kilimtimua kwa utundu, na shule ya sanaa nayo haikumfikisha mbali. Mwaka wa 1896 akaingia vita dhidi ya Wamatabele, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, akipigana upande wa wakoloni. Hakuwa na digrii, hakuwa na kazi ya kueleweka. Alichokuwa nacho ni mdomo na miguu.

Miguu ndiyo ilimpatia bibi. Alimpenda msichana wa New Zealand, Gertrude Watt, wa familia iliyokuwa na doh. Baba wa kambo wa Gertrude akamwona kama kijana asiye na mbele wala nyuma. Grogan akaahidi kufanya kitu ambacho hakuna mlami alikuwa amefanya: kuvuka Afrika kutoka kusini mpaka Cairo. Wewe ukienda kwa wakwe unaulizwa mbuzi, yeye akatoa bara zima.

Safari yenyewe kubwa ilianzia Beira, Msumbiji, mwaka wa 1898. Alitoka na Arthur Sharp, lakini Sharp aliacha njiani na Grogan akaendelea. Mwanzo wa 1900 akafika Cairo. Mwaka huohuo akaandika kitabu kuhusu safari, akawa staa Uingereza, na akamuoa Gertrude. Mpaka leo wengi husema alitembea peke yake. Si kweli. Kulikuwa na wapagazi Waafrika waliobeba mahema, chakula na bunduki, wakapita vinamasi na njaa pamoja naye. Wao hawakupewa barabara Nairobi.

Msitu mzima, na bado hajashika shoka

Grogan alikuja Kenya 1904. Reli ilikuwa imefika Kisumu miaka mitatu tu kabla, 1901, na treni za wakati huo zilikuwa zinachoma kuni kama jiko la mama mboga. Serikali ya kikoloni ilikuwa imejenga reli kwa pesa nyingi na ilitaka walami waje, wakate miti, walime, wapakie mizigo. Sheria ya ardhi ya 1902 ilikuwa imeshaipa serikali nguvu ya kugawa ardhi ya watu wengine kana kwamba haikuwa na wenyewe.

Hapo ndipo Grogan alionyesha talanta yake halisi. Haikuwa kutembea. Ilikuwa kubonga na wakubwa na kutoka ofisini akiwa na karatasi. Akishirikiana na mfanyabiashara wa mbao aitwaye Lingham, alipata haki ya kuvuna zaidi ya ekari 60,000 za msitu kule Eldama Ravine. Kama hiyo namba haikuingii, fikiria Karura. Sasa weka Karura zaidi ya 20 pamoja. Hizo zote, kwa watu wawili.

Ndani ya huo msitu kulikuwa na mutarakwa na podo. Mutarakwa ni mti mgumu ambao mchwa hausumbui, ndiyo maana wazee waliupenda kwa posti, na ulaya waliutaka kwa kutengeneza penseli. Podo ni mbao laini, nyoofu, nzuri kwa sakafu na dari. Wajenzi walikuwa wanangoja mbao, na reli ilikuwa karibu. Pia akapata sehemu ya pwani pale Mbaraki, Mombasa, na baadaye akajenga gati. Ona hesabu ya jamaa: msitu upande mmoja, bahari upande wa pili, na katikati reli iliyojengwa na serikali.

Kazi ya kuvuna yenyewe ilikuwa noma. Hakukuwa na pawa so. Ile ya kubebwa na mtu mmoja ilianza kuenea duniani miaka ya 1950. Kabla ya hapo ni watu wawili, mmoja huku mwingine kule, wakivuta msumeno mrefu siku nzima. Gogo likianguka linavutwa na ng'ombe hadi kiwandani. Pale injini ya mvuke inazungusha msumeno wa duara, na moto wake unalishwa na mabaki ya mbao zilezile.

Biashara ya kuuza mashine nayo ikamea. Gailey & Roberts ilifunguliwa Nairobi mwaka huohuo wa 1904, na miaka ya baadaye ikawa wauzaji wa matingatinga ya Caterpillar. Grogan naye alikuwa na kiwanda chake, Equator Saw Mills, ambacho kilikuwa kati ya viwanda vikubwa vya mbao nchini.

Na wenyewe je?

Huo msitu ulikuwa na wenyewe. Sehemu kubwa yake inaitwa Lembus, na Watugen wa Lembus walikuwa wakilisha ng'ombe humo, wakiokota kuni, wakining'iniza mizinga ya nyuki. Asubuhi moja wakaambiwa kuna karatasi. Hawakuwa wameiona wala kuitia kidole.

Hawakunyamaza. Waliendelea kulisha mifugo yao na kudai haki yao kwa serikali, miaka nenda miaka rudi. Hata Idara ya Misitu yenyewe ilikuwa na shida kuisimamia Lembus, kwa sababu masharti ya mkataba yalimpendelea mwenye mkataba. Chunga: askari wa msitu angeweza kumsumbua mzee mwenye mbuzi watano, lakini kampuni yenye misumeno ya mvuke ilikuwa na karatasi ya kumwonyesha. Mvutano wa Lembus ulienda mpaka karibu na uhuru. Hesabu mwenyewe, kutoka 1904 mpaka miaka ya 1950 na ushee, ni nusu karne ya watu kubishana kuhusu karatasi ambayo hawakuulizwa.

Machi 14, 1907

Hii sehemu ndiyo wengi hawajui, na ndiyo inafanya jina lake liwe zito.

Grogan alikuwa kiongozi wa chama cha walowezi. Siku hiyo alichukua vijana watatu Wakikuyu, wavutaji wa rikisho, hiyo mikokoteni ya kubeba watu. Kosa walilosingiziwa ni kukosea heshima wanawake wa kizungu waliokuwa wamewabeba. Hakuwapeleka kwa hakimu. Aliwapeleka mbele ya mahakama ya Nairobi, watu wamejaa, walami wamekuja na silaha, na akawachapa viboko hadharani. Hakimu alitoka kumwambia aache. Hakusikia.

Waelewe vijana wenyewe walikuwa nani. Walikuwa wanasukuma watu kwa mikono wapate pesa ya siku. Leo wangekuwa wasee wa mkokoteni pale Gikomba, wale unawapigia mluzi wakubebee gunia la mitumba ama mbao za kitanda.

Grogan alishtakiwa na kufungwa mwezi mmoja pamoja na faini. Lakini hakulala selo na wezi wa kuku. Alizuiliwa kwenye nyumba, na marafiki walikuwa wanamtembelea. Akitoka, heshima yake kwa walowezi ilikuwa imepanda. Baadaye alikaa kwenye Baraza la Kutunga Sheria, kumaanisha aliyevunja sheria mlangoni pa mahakama akaingia kuzitunga.

Matope ikawa doh

Kwa kununua mahali watu wengine wanadharau, huyu jamaa alikuwa hatari. Alinunua kinamasi kando ya Mto Nairobi, chini ya soko la Wahindi. Mbu, matope, harufu. Watu wakacheka. Yeye akakaa ngumu, mji ukakua ukamfuata, na ile ardhi ikawa mali. Barabara iliyopita ukingoni ikaitwa Grogan Road. Ndiyo hiyo ya spea. Mto ni uleule unaoshuka ukapita nyuma ya Gikomba.

Miradi yake mingine bado unapita kando yake bila kujua. Alijenga nyumba Chiromo, penye leo kuna kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Miaka ya 1920 akajenga Torr's Hotel pale kona ya Kenyatta Avenue na Kimathi Street, na jengo lipo mpaka leo. Kule Taveta akaingia kilimo cha mkonge na kujijengea kasri juu ya kilima. Vita vya kwanza vya dunia alikuwa akifanya upelelezi dhidi ya Wajerumani, na akapata jina la Bwana Chui.

Gertrude alifariki 1943. Grogan akatoa ardhi Muthaiga ya kujenga hospitali ya watoto kwa kumbukumbu yake, na ikafunguliwa 1947. Ndiyo Gertrude's. Kwa hivyo kuna watoto wengi wa Nairobi wamepona kwa zawadi ya mtu aliyechapa vijana wa Nairobi mbele ya mahakama. Hizo mbili zote ni za ukweli, na moja haifuti nyingine.

Uhuru ulipokuja 1963 alikuwa mzee wa karibu miaka 90. Mwishowe alienda Afrika Kusini na akafia huko Agosti 1967, akiwa na miaka 92.

Kwa nini msee wa Gikomba ajali

Angalia yadi za mbao Gikomba. Saiprasi, paini, fito za bluguma, mabaki ya kuwashia jiko. Fundi anapiga randa, mwingine anapima mlango, kijana anapakia mkokoteni. Bei ya kila ubao hapo inaanzia kwa swali lilelile la 1904: ni nani ana karatasi ya kukata mti?

Mwaka wa 1999 serikali ilisimamisha ukataji miti kwenye misitu ya umma, na wenye viwanda vidogo wakafunga. Lakini kampuni chache kubwa ziliruhusiwa kuendelea. Februari 2018 marufuku ingine ikaja, mbao zikapanda bei, na mafundi wakaumia kabla ya mtu yeyote mwenye kiti kikubwa. Julai 2023 Rais Ruto akatangaza imeondolewa, na kesi zikafuata kortini. Msitu unahitaji kulindwa, hakuna ubishi, kwa sababu mito yetu inatoka huko. Lakini kila mara mlango ukifungwa, uliza ni nani ameachiwa dirisha.

Na ardhi pia. Mfanyabiashara wa Gikomba anaweza kuuza mahali pamoja miaka 30, moto ukachoma stoo usiku, na asubuhi akaulizwa karatasi yake iko wapi. Grogan alielewa hiyo kitu mapema kuliko wengi. Hakuwa na nguvu kuliko wale wavutaji wa rikisho, wala hakuujua msitu kuliko watu wa Lembus. Aliwazidi kwa kitu kimoja, kujua ofisi gani inatoa sahihi, na kuingia humo kwanza.

Kwa hivyo kama uko na kibanda, yadi ama gereji, uliza leo hiyo plot imeandikwa jina la nani. Uliza na wenzako, mkiwa kikundi, kabla mtu mwingine hajaenda kuuliza.

Na swali la mwisho ni lako. Ile barabara ina jina lingine, zuri tu, Kirinyaga, mlima wetu. Wale vijana watatu wa rikisho hawana hata uchochoro. Ukipiga simu kesho kuulizia kioo cha Probox, utasema kinapatikana wapi?