Mwalimu Christa McAuliffe

Katika mji wa Boston, nchi ya Marekani, tarehe 2 Septemba 1948, alizaliwa mtoto mwanamke akapewa jina la Sharon Christa Corrigan. Lakini tangu utoto wake watu walimwita Christa tu. Alikuwa kifungua mimba, na baada yake wakazaliwa ndugu wanne. Wazazi wake wakahamia Framingham, mji usio mbali na Boston, na huko ndiko alikokulia na kusomea.

Zamani hizo mataifa mawili makubwa, Urusi na Marekani, yalikuwa yakishindana kupeleka watu angani. Mwaka 1961 Mrusi Yuri Gagarin aliizunguka dunia, wa kwanza katika wanadamu wote. Mwaka 1962 Mmarekani John Glenn akaizunguka mara tatu. Christa alikuwa msichana wa miaka 13, naye alizifuata habari hizo kwa hamu kubwa. Walakini wakati ule Marekani haikumkubali mwanamke awe ye yote kuwa mwanaanga. Waliochaguliwa ni marubani wa ndege za kasi, nao wote ni wanaume. Basi hamu ile akaiweka moyoni, akashika njia nyingine, nayo ni kazi ya ualimu.

Mwaka 1970 alimaliza masomo yake katika chuo cha Framingham, na mwaka ule ule akaolewa na Steven McAuliffe, aliyekuwa rafiki yake tangu siku za shule. Akafundisha miaka kadha wa kadha katika jimbo la Maryland, huku akijiendeleza kwa masomo ya juu. Kisha mwaka 1978 wakahamia jimbo la New Hampshire, wakakaa Concord, mji mdogo wa kaskazini wenye baridi nyingi. Walijaliwa watoto wawili, mwanamume na mwanamke.

Katika shule ya Concord Christa alifundisha historia na mambo ya jamii. Hakupenda kuwakaririsha wanafunzi majina ya wafalme na majemadari peke yake. Aliona ya kuwa historia imeandikwa pia na watu wadogo, wakulima na mafundi na akina mama, katika barua zao na katika madaftari yao ya kila siku. Akatunga mfulizo wa masomo juu ya maisha ya wanawake wa Marekani. Tena alipenda kuwatoa wanafunzi wake nje ya darasa, wakayaone mambo kwa macho yao wenyewe.

Mwezi wa Agosti 1984 Rais Ronald Reagan alitangaza kwamba raia wa kwanza wa kawaida atakayesafiri angani katika vyombo vya Marekani atakuwa mwalimu. Habari hiyo ikaenea katika shule zote. Walimu zaidi ya 11,000 wakaandika kuomba nafasi ile moja, na Christa alikuwa mmoja wao. Katika maombi yake alieleza kwamba aliziona siku za kwanza za safari za angani akiwa mtoto, naye anataka kuwa na fungu katika kazi hiyo. Aliahidi kuandika habari za safari yake siku kwa siku, kama walivyofanya wanawake wa zamani waliosafiri na magari ya kukokotwa na ng'ombe kwenda kukaa nchi mpya za magharibi.

Wale maelfu wakachujwa hata wakabaki 10. Tarehe 19 Julai 1985, katika Ikulu ya Washington, makamu wa Rais akalitaja jina la Christa McAuliffe. Mwalimu mwingine, Barbara Morgan wa jimbo la Idaho, akachaguliwa kuwa badala yake, ili ajifunze yote pamoja naye na kuingia mahali pake kama Christa akizuiwa na jambo lo lote. Wawili hao wakaenda Houston, Texas, wakafundishwa miezi kadha. Walipandishwa katika ndege iliyopaa na kushuka kwa namna ambayo waliomo walielea hewani kama manyoya. Wakajifunza kula, kulala na kufanya kazi mahali pasipo uzito. Christa akatayarisha masomo mawili ambayo angeyafundisha akiwa huko juu, na watoto wa nchi nzima wangemwona na kumsikia kwa njia ya televisheni.

Chombo chenyewe kiliitwa Challenger, nacho kilikuwa kimekwisha kwenda angani mara 9. Wasafiri walikuwa 7. Mkuu wao alikuwa Francis Scobee, na rubani Michael Smith. Pamoja nao walikuwapo Judith Resnik, Ellison Onizuka, Ronald McNair, na Gregory Jarvis. McNair alikuwa mtaalamu wa fizikia, mtu mweusi aliyezaliwa katika jimbo la South Carolina wakati watu weusi walipokuwa wakibaguliwa hata katika maktaba; naye alikuwa amekwisha safiri angani mwaka 1984.

Yafaa ijulikane jinsi chombo hicho kilivyoinuliwa. Kilikuwa na umbo la ndege, nacho kilifungwa ubavuni mwa tangi kubwa mno lililojaa haidrojeni na oksijeni, zilizopoozwa hata zikawa maji. Kandokando ya tangi zilisimama roketi mbili ndefu zenye fueli kavu, mfano wa baruti. Roketi hizo zilitengenezwa vipande vipande katika jimbo la Utah, zikachukuliwa kwa gari la moshi mpaka Florida, na huko vipande vikaunganishwa. Katika kila kiungo palitiwa pete mbili za mpira, nyembamba kuliko kidole, za kuziba ili moto wa ndani usipenye nje. Uhai wa watu 7 ulikuwa juu ya pete hizo.

Siku ya kuondoka ilikuwa imewekwa tarehe 22 Januari 1986, ikaahirishwa kwa kuwa safari iliyotangulia ilichelewa kurudi. Kisha hali ya hewa ikaharibika mahali ambapo wengi wasingefikiri: Dakar, katika Senegal. Maana kama mashine za chombo zingeshindwa kikiwa katikati ya njia, kingevuka bahari ya Atlantiki na kutua Afrika. Basi kama Dakar pana hewa mbaya, Florida haiwezi kumwondoa mtu. Wakachagua Casablanca, katika Moroko, iwe badala yake. Kisha watabiri wakasema kwamba tarehe 26 itanyesha mvua Florida, wakaahirisha tena; na siku ile ikapambazuka njema, jua likawaka, wala mvua haikuja.

Tarehe 27 wasafiri waliingia chomboni, wakafungwa mikanda, wakalala chali wakingoja. Mkono wa kufungia mlango ukakataa kutoka kwa sababu ya bolti moja. Mafundi wakatuma iletwe keekee ya umeme. Ilipokuja, betri yake haikuwa na nguvu. Mwisho wakaukata mkono kwa msumeno, lakini saa zile zilizopotea zilitosha upepo wa ubavuni kuzidi kipimo kwenye kiwanja ambako chombo kingerudi kama kingepata shida mara tu baada ya kuondoka. Wasafiri wakatolewa tena. Magazeti na televisheni zikaanza kuwacheka wakubwa wa shirika la anga kwa kuahirisha kila siku. Dhihaka hiyo ilikuwa mzigo mbaya juu ya watu waliopaswa kuamua kwa utulivu.

Usiku ule baridi kali ikashuka Florida, nchi ya michungwa, ambako watu hawajaizoea. Ilitazamiwa kwamba kabla ya alfajiri itafika digrii 8 chini ya sifuri. Kule Utah mainjinia waliozitengeneza zile roketi waliposikia habari hizo waliingiwa na hofu. Mmoja wao, Roger Boisjoly, alikuwa ameandika onyo miezi sita kabla, ya kwamba pete zile zikishindwa watu watakufa. Mwaka 1985, katika safari ya baridi kuliko zote zilizotangulia, pete zilikuwa na joto la digrii 12 tu. Nazo zilipofunguliwa baadaye zilionekana zimepitiwa na masizi meusi. Basi mainjinia wakazungumza kwa simu na wakubwa wa shirika la anga, wakawasihi wasikiondoe chombo kama joto halijafika digrii 12.

Wakubwa wale hawakupendezwa. Walitaka ushahidi kwamba pete zitashindwa. Hali desturi njema ni kutaka ushahidi kwamba zitaweza. Wasimamizi wa kampuni wakaomba kuzungumza faraghani. Katika mashauri hayo injinia mkuu aliambiwa aache kufikiri kama injinia, afikiri kama msimamizi. Boisjoly akaonyesha picha za pete zilizochafuka, asisikilizwe. Waliporudi kwenye simu, kampuni ikatoa ruhusa. Allan McDonald, aliyeiwakilisha kampuni kule Florida, akakataa kutia sahihi yake, ikatiwa na mwingine aliye Utah. Wala wakuu wa juu kabisa, waliokuwa na amri ya mwisho, hawakuambiwa habari za ubishi huo. Na wasafiri wenyewe hawakujua neno.

Asubuhi ya tarehe 28 Januari jukwaa la kuondokea lilikuwa limefunikwa na barafu, imening'inia kama mikuki, kwa sababu maji yaliachwa yakitiririka usiku kucha ili mabomba yasipasuke. Wasafiri walipofika mlangoni, fundi mmoja alimpa Christa tofaa, kwa kuwa ni desturi ya watoto wa Marekani kumpa mwalimu wao tunda hilo. Akacheka, akamwomba amwekee mpaka atakaporudi.

Wakangoja saa mbili zaidi barafu iyeyuke. Juu ya majukwaa ya watazamaji walisimama baba na mama yake Christa, wamejifunika kwa ajili ya baridi, na wanafunzi waliofuatana na mwanawe. Katika Concord wanafunzi wake walikusanyika ukumbini wamevaa kofia za sikukuu, tayari kupiga tarumbeta. Shule nyingi za nchi ile zilikuwa zimewasha televisheni, hata madarasa ya watoto wadogo, ambao siku nyingine wasingetazama chombo kikiondoka.

Saa 5 na dakika 38 moto ukawaka. Joto la hewa lilikuwa digrii 2. Mara ile ile, chini ya roketi ya kuume, ulitoka moshi mweusi kidogo, asiuone mtu. Picha ndizo zilizouonyesha baadaye. Mpira ulikuwa umekakamaa kwa baridi, haukuwahi kuziba. Kisha takataka za fueli iliyoungua zikaziba tundu kwa muda, na chombo kikapanda vizuri, watu wakishangilia. Huko juu kilikutana na pepo zenye nguvu nyingi, zikakitikisa. Baada ya sekunde 58 ulimi wa moto ukatokea penye kiungo kile, ukalamba tangi. Sekunde ya 73, mwendo wa kilometa 14 juu ya bahari, tangi likapasuka na chombo kikavunjika.

Watazamaji hawakufahamu upesi. Waliona wingu jeupe likigawanyika pembe mbili, na wengine wakapiga makofi, wakidhani ndipo roketi zinapoachana na chombo kama ilivyo kawaida. Mtangazaji akaendelea kusoma kipimo cha kasi, kisha akanyamaza. Katika Concord tarumbeta zilikoma moja baada ya moja. Walimu wakasimama mbele ya televisheni wasijue kama waizime au waiache. Hakuna aliyeokoka, chombo kile hakikuwa na njia ya kuwatoa watu kikiwa kinapanda. Christa alikuwa na miaka 37.

Jioni ile Rais alikuwa ahutubie baraza la taifa, akaahirisha. Badala yake akasema na wananchi wote, na katika maneno yake aliwageukia watoto wa shule. Ikawekwa tume ya kuchunguza. Mmoja wa wajumbe wake, mtaalamu Richard Feynman, tarehe 11 Februari alichukua kipande cha mpira ule, akakibana kwa kibano, akakitia katika bilauri ya maji ya barafu mbele ya watu wote. Alipokifungua, mpira ulibaki umebanwa, haukurudia umbo lake. Kwa bilauri moja ya maji aliyaonyesha yale ambayo mainjinia wa Utah walishindwa kuwaaminisha wakubwa usiku ule. Mwezi wa Machi mabaki ya chumba cha wasafiri yakapatikana chini ya bahari. Christa akazikwa Concord.

Vyombo vya Marekani vya namna ile havikuondoka tena mpaka tarehe 29 Septemba 1988. Viungo vya roketi vilibuniwa upya, ikaongezwa pete ya tatu, na vikatiwa vyombo vya kupashia joto. Barbara Morgan alirudi darasani kwake Idaho, akafundisha watoto miaka mingi. Mwaka 1998 akaitwa tena, akawa mwanaanga kamili, na tarehe 8 Agosti 2007, akiwa na miaka 55, akaondoka Florida katika chombo Endeavour, kilichojengwa mahali pa Challenger. Mwaka 2018 wanaanga wawili waliokuwa walimu zamani, Joe Acaba na Ricky Arnold, waliyafanya baadhi ya majaribio ambayo Christa alikuwa ameyatayarisha. Wakayapigia picha wakiwa wanaelea katika kituo cha angani, zikapelekwa mashuleni.