Samuel Ruben na Kaboni-14

Kila nikikumbuka maisha ya Samuel Ruben, roho huniuma. Mwanakemia huyu alizaliwa Marekani mwaka 1913. Alitaka kujua mimea hujitengenezeaje chakula, basi akawa anaipa hewa yenye kaboni-11 na kuifuatia ndani ya majani. Taabu ni kwamba nusu ya kaboni hiyo huisha kwa dakika 20 tu. Ilikuwa mbio, si mchezo!

Februari 1940, huko Berkeley, yeye na mwenzake Martin Kamen waligundua kaboni-14. Hii nusu yake huisha baada ya miaka 5,730 hivi. Muda ukapatikana, lakini Ruben hakuufaidi. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alichunguza gesi ya sumu iitwayo fosijini. Mwaka 1943 ilimvujia maabarani, akafa akiwa na miaka 29 tu.

Leo dawa mpya hutiwa kaboni-14 kidogo mno, mtu akainywa. Damu au mkojo wake huchomwa uwe hewa ya kaboni dioksidi, kisha hupitishiwa mwanga wa leza. Kaboni-14 hufyonza mwanga wake maalumu, na hapo wataalamu hujua ni dawa kiasi gani iliyomo.

Wenzangu wa kidato cha tatu, tusifanye mzaha na chupa za maabara. Mimi siku hizi nafungua madirisha kwanza.