Breguet, fundi wa saa aliyekimbia na kuanza tena

Abraham-Louis Breguet alizaliwa mwaka wa 1747 huko Neuchâtel, leo ni Uswisi. Baba yake alikufa yeye angali mtoto, baba wa kambo akamwingiza katika kazi ya saa. Mwaka wa 1775 akafungua atelye yake Paris.

Uso wa saa zake za mfuko, wa fedha ama dhahabu, ulichorwa mistari midogo midogo kwa mashine ya mkono. Haikuwa pambo tu: mistari ile inapunguza mng'ao, mtu anasoma saa bila shida.

Mwaka wa 1793, wakati wa mapinduzi ya Ufaransa, alikimbilia Uswisi na jamaa yake. Atelye ikabaki nyuma. Sisi wa Alimbongo na Lubero tunajua vile inakuwaga.

Alirudi mwaka wa 1795. Juu ya kupata pesa ya kuanzia, akatengeneza saa nyepesi ya mshale mmoja: mteja analipa robo ya bei kwanza, ndiyo kazi inaanza. Kwa kuwa wengine waliuza saa bandia kwa jina lake, akachora saini ndogo ya siri, inayoonekana tu mwanga ukitokea kando.

Alikufa Paris mwaka wa 1823. Mpaka leo saa zinatengenezwa kwa jina lake.