Yusuf bin Hasan, Sultani wa Mombasa Aliyelelewa Goa

Yusuf bin Hasan alikuwa na miaka saba hivi baba yake, Sultani Hasan bin Ahmad wa Mombasa, alipouawa mwaka 1614. Sultani aligombana na kapteni wa Kireno wa Ngome ya Yesu, akakimbilia bara, akauawa huko kwa njama za Wareno, na kichwa chake kikapelekwa Goa, Bara Hindi. Mtoto naye akapelekwa huko huko. Watawa wa Kiagustino walimlea, wakambatiza Dom Jerónimo Chingulia, akajifunza kazi ya mizinga katika merikebu zao. Sisi tunaosoma kwa Kifaransa mchana na Qur'ani jioni hapa Gihosha tunaweza kukisia kidogo tu hali yake: yeye hakuachiwa hiyo jioni.

Alirudishwa Mombasa akiwa kijana, mfalme Mkristo juu ya raia Waislamu. Kapteni mpya, Pedro Leitão de Gamboa, alimdharau. Kisha akapelekewa habari kwamba Yusuf ameonekana akiomba kaburini kwa baba yake kwa namna ya Kiislamu, akapanga kumrejesha Goa ahukumiwe. Yusuf akamtangulia. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamchoma kapteni kisu, akatangaza Uislamu wake na kulirudia jina lake.

Hapo ndipo wanaomsimulia kama shujaa hupenda kunyamaza. Siku zilizofuata waliuawa Wareno na Waafrika Wakristo zaidi ya 100, wakiwemo wanawake, watoto na watawa. Mtume (s.a.w.) alikataza kuua wanawake na watoto vitani, na Abubakar (r.a.) aliusia watawa waachwe. Ubatizo wa mtoto mateka una udhuru katika fiqhi. Mauaji haya siuoni udhuru wake.

Mapema 1632 manowari kutoka Goa ziliizingira ngome, zikashindwa. Lakini aliyeondoka ni mshindi. Wareno wangerudi na nguvu kubwa zaidi, na mwezi Mei Yusuf aliibomoa ngome kadiri alivyoweza, akapanda merikebu aliyoiteka na kutweka kuelekea Arabuni. Akaishi kwa kushambulia vyombo vya Wareno baharini mpaka alipofariki mwaka 1638.

Wareno walirudi katika ngome tupu, wala hawakumtawaza tena sultani Mombasa. Kapteni Francisco de Seixas de Cabreira aliweka juu ya lango jiwe lenye maandishi ya kujisifu kwa miji ya pwani aliyoiadhibu. Jiwe hilo lingalipo.