Ota Benga, Mkongo aliyefunikwa meno ugenini

Mwezi Januari mwaka 1910, Mkongo mmoja wa kimo kifupi aliwasili katika mji wa Lynchburg, jimbo la Virginia, kusini mwa Marekani. Wenyeji wake, Wamarekani weusi waliomtakia mema, walimvisha nguo za Kimarekani na kuhakikisha kwamba meno yake ya mbele, yaliyokuwa yamechongwa yakawa na ncha kali, yanafunikwa kwa kofia za meno. Mkongo huyo ni Ota Benga. Miaka sita kabla ya hapo, watu walikuwa wakimlipa senti tano ili afungue kinywa wayatazame meno hayohayo.

Kwa msomaji wa Kigwena na Rumonge, desturi ya kuchonga meno si ya kustaajabisha. Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili katika mwambao huu zina asili yao ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na Kiswahili kimelihifadhi jina la kazi hiyo tangu zamani. Katika jamii nyingi za Kongo, kijana alichongwa meno awe mzuri na atambulike kuwa ni wa kwao. Ota Benga alichongwa akiwa bado kijana, kwao msituni, magharibi ya mbali kutoka ziwani. Alikuwa wa jamii ya wawindaji ambao Wazungu waliwaita mbilikimo. Hapa Burundi ndugu zao wanafahamika kwa jina la Batwa.

Inakadiriwa kwamba alizaliwa karibu na mwaka 1883. Nchi yake ilikuja kuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, na askari wa Force Publique walikuwa wakiwalazimisha wenyeji kutoa mpira na pembe za ndovu. Kwa maelezo yaliyohusishwa na Ota Benga mwenyewe, alikuwa mawindoni askari hao walipokishambulia kijiji chake, wakawaua mke wake na watoto wake wawili. Yeye aliangukia mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa.

Mwaka 1904 alitokea Samuel Phillips Verner, Mmarekani aliyewahi kuwa mmisionari na ambaye sasa alikuwa na mkataba wa kuleta Waafrika katika maonyesho makubwa ya dunia mjini St. Louis. Verner alidai kwamba alimkomboa kijana huyo kwa chumvi na kitambaa. Habari nyingi za maisha ya Ota Benga ya awali zimetufikia kupitia kwa Verner, mtu aliyekuwa na faida yake katika kuzisimulia, na hivyo zafaa kusomwa kwa tahadhari.

Meno yageuzwa bidhaa

Huko St. Louis magazeti yalieneza uongo kwamba meno yenye ncha ni dalili ya mla watu. Wageni walifurika. Ota Benga alitambua upesi kwamba kinachowavuta ni kinywa chake, akaanza kutoza senti tano kwa kila atakaye kuyaona meno. Wapo wanaoona katika jambo hilo unyonge tu. Lakini katika uwanja ambao kila kitu chake kilitazamwa bure, hiyo ilikuwa biashara pekee iliyokuwa mikononi mwake.

Baada ya maonyesho Verner alimrudisha Kongo pamoja na wenzake. Ota Benga alioa tena, na mke huyo naye akafa, inasemekana kwa kuumwa na nyoka. Mwaka 1906 alirejea Marekani pamoja na Verner. Mfadhili wake alikuwa amefilisika, hivyo akamwacha kwanza katika jumba la makumbusho ya elimu ya viumbe la New York, kisha katika bustani ya wanyama ya Bronx.

Mwezi Septemba mwaka huo, mkurugenzi wa bustani, William Hornaday, alimweka katika banda la nyani, pamoja na orangutangu aliyeitwa Dohong. Kibao kilichowekwa hapo kilitaja umri wake, kimo chake na uzito wake, kama vilivyokuwa vibao vya wanyama. Siku moja ya Jumapili inakadiriwa watu 40,000 walifika bustanini. Wengi walimfuata wakizomea, wengine wakimchokoa na kumwangusha. Wachungaji weusi wa New York, wakiongozwa na James Gordon, walipinga kwa nguvu. Meya wa jiji alikataa kuwasikiliza. Hata hivyo, kabla ya mwezi kwisha Ota Benga alitolewa na kupelekwa Brooklyn, katika kituo cha watoto yatima kilichoongozwa na Gordon. Ni Gordon huyohuyo aliyempeleka Lynchburg mwaka 1910.

Kofia za Lynchburg

Leo anayetaka kubadili sura ya meno yake huulizwa na daktari achague. Yapo magamba membamba ya kauri, yaitwayo vinia, yanayobandikwa mbele ya jino. Hudumu miaka mingi na hayashiki madoa upesi, lakini ni ghali, na mara nyingi daktari hupunguza kwanza sehemu ya tabaka gumu la nje la jino. Zipo vinia za utomvu wa kutengenezwa, za bei nafuu, zinazoweza kumalizwa kwa siku moja, ila hubadilika rangi na kuvunjika mapema zaidi. Na ipo kofia inayovikwa jino zima, ambayo kwa kawaida ndiyo inayolifaa jino lililopoteza sehemu kubwa ya umbo lake. Tabaka likishapunguzwa halioti tena, ndiyo maana daktari makini humpa mtu muda wa kufikiri.

Mwaka 1910 uchaguzi huo haukuwapo. Kofia ya kauri ya Charles Land, daktari wa Detroit, ilikuwa na miaka michache tu tangu ianze kutumika. Vinia ambazo Charles Pincus aliwatengenezea waigizaji wa sinema wa California zilikuja baadaye, nazo zilishikizwa kwa muda tu wakati wa kupigwa picha. Utafiti wa Michael Buonocore ulioonyesha jinsi ya kuliandaa jino kwa asidi ili gandio lishike ulitolewa mwaka 1955.

Waliomfunika Ota Benga meno walitaka apite barabarani bila kukodolewa macho, aweze kusoma na kufanya kazi. Sababu hiyo ilikuwa ya haki katika mji uliowabagua weusi hata bila meno ya ncha. Lakini pambo alilopewa na watu wake lilikuwa karibu kitu pekee alichokuwa nacho kutoka kwao, na sasa lilikuwa limefichwa.

Kwa muda alionekana kutulia. Alisoma katika seminari ya weusi mjini humo, na mshairi Anne Spencer alimsaidia kujifunza Kiingereza. Wengi walimwita Otto Bingo. Alifanya kazi katika kiwanda cha tumbaku. Furaha yake kubwa ilikuwa kuingia msituni na wavulana wa mtaa, akiwafundisha kutengeneza pinde, kuchoma samaki kwa mkuki na kurina asali. Alikuwa akidunduliza fedha za nauli ya kurudi Kongo. Mwaka 1914 vita kuu ikaanza Ulaya, safari za meli za abiria zikavurugika, na nauli ile ikakosa kazi. Akanyamaza, akawa haendi tena na watoto msituni.

Tarehe 20 Machi 1916, Ota Benga aliwasha moto kama wa sherehe za kwao. Alizivunja kofia na kuyarudisha meno yake kama yalivyochongwa. Kisha akajiua. Alikuwa na umri wa miaka 32 au 33.

Alizikwa katika makaburi ya weusi ya Lynchburg, bila jiwe lenye jina lake. Kibao cha kumbukumbu yake kiliwekwa mjini humo mwaka 2017. Mwezi Julai mwaka 2020, shirika linalosimamia bustani ya Bronx liliomba radhi hadharani kwa yale aliyotendewa mwaka 1906.