Simeo Ondeto na Wake wa Pili

Huku kwetu pwani mtu akitaja mitala hapana anayeshtuka. Sheria yake twaijua tangu chuoni: mwisho wanne, tena kwa uadilifu. Labda ndiyo sababu wengi wetu hatujapata kufahamu dhiki iliyowapata wanawake wa Kijaluo walioingia kanisani, wala kwa nini Simeo Ondeto alifuatwa na maelfu ya watu.

Ondeto alikuwa Mjaluo na Mkatoliki. Alivuma miaka ya 1962 na 1963 katika wilaya ya South Nyanza, ambayo makao yake yalikuwa Homa Bay, kabla Migori haijakatwa ikawa wilaya peke yake. Alitokana na chama cha sala kiitwacho Legio Mariae, kilichoasisiwa Dublin mwaka 1921 na kuletwa Afrika Mashariki na Edel Quinn, bibi wa Ireland, mwaka 1936.

Sasa tazama jambo lenyewe. Katika boma la Kijaluo nyumba ya mke mkubwa, mikayi, huelekea lango. Anayemfuata ni nyachira, naye pia ametolewa ng'ombe mbele ya wazee. Mume akitaka kubatizwa, kanisa lilimwambia abaki na mke mmoja, wengine awaache. Nyachira amekosa nini? Hajazini wala hajaiba. Na watoto, kwa kuwa ng'ombe walikwisha kutolewa, ni wa ukoo wa baba. Kwa hiyo akitoka, atoka mikono mitupu. Mimi nimesoma hoja za wanachuoni wao, kwamba ndoa ni mume mmoja na mke mmoja kama Adamu na Hawa, na naziheshimu. Lakini hoja haimlazi mtu ndani.

Ondeto hakuifuata kanuni hiyo. Katika Legio Maria, kanisa lililoandikishwa mwaka 1966, mwenye wake wengi alipokewa pamoja nao. Na msidhani lilikuwa kanisa la ulegevu! Pombe marufuku, tumbaku marufuku, hirizi zichomwe. Rozari na misa ya Kilatini vikabaki. Kando yake alisimama Gaudencia Aoko, mama kijana aliyefiwa na watoto wawili siku moja mwaka 1963, akaenda akibatiza watu kwa maelfu. Baadaye wawili hao waliachana njia.

Wafuasi walimwona Ondeto kuwa ni Masiya mwenyewe. Hapo sisi na wao hatuko pamoja, wala sina haja ya kurefusha.

Wakubwa wa makanisa nao hawakunyamaza. Waanglikana, ambao mwaka 1888 huko Lambeth waliamua mwenye wake wengi asibatizwe, walikutana tena mwaka 1988 na kukubali abatizwe pamoja na wakeze na wanawe, asilazimishwe kuwaacha, ila asiongeze mwingine. Wakatoliki, katika kanuni zao za mwaka 1983, walishikilia mke mmoja, lakini wakamwagiza askofu ahakikishe walioachwa wanapata riziki. Naam, riziki, boma halikutajwa.

Ondeto alifariki Septemba 1991, akazikwa Got Kwer, kilima kilichoko Migori. Kila mwaka mwezi huo waumini hupanda huko kumkumbuka, wamevaa kanzu za rangi rangi, wanaume na wake zao.