Virginia Apgar: Daktari aliyeshauriwa aache upasuaji

Kama ulizaliwa hospitalini, huenda kuna mtihani ulioufanya kabla hujafungua macho vizuri. Ulipewa alama ukiwa na umri wa dakika moja, ukapewa tena ulipofikisha dakika tano. Mwombe mamako kile kijitabu cha kliniki, ikiwa bado anacho, uangalie ukurasa wa kujifungua. Kuna neno Apgar hapo. Hilo ni jina la mwanamke, na mwanamke huyo hakupanga kufanya kazi ya watoto wachanga. Alitaka kuwa daktari wa upasuaji.

Virginia Apgar alizaliwa 7 Juni 1909 mjini Westfield, jimbo la New Jersey, Marekani. Kakake mmoja alikufa kwa kifua kikuu, mwingine akawa wa kuugua kila mara. Alipokuwa chuo cha Mount Holyoke alifanya vibarua vya kila aina, hata kukamata paka wa maabara. Mwaka 1929 akaingia shule ya udaktari ya Columbia, New York, na wiki chache tu baadaye soko la hisa likaporomoka. Alihitimu 1933 akiwa wa nne darasani, na deni la karibu dola 4,000. Wewe unayekosa usingizi kwa sababu ya HELB unamwelewa.

Akaanza mafunzo ya upasuaji chini ya Allen Whipple, bingwa mkubwa wa enzi hiyo. Kuna kisa kinachosimuliwa kumhusu. Mgonjwa alifariki baada ya upasuaji, naye akaingiwa na wasiwasi kwamba huenda yeye ndiye aliyebana mshipa usiofaa. Ruhusa ya kuchunguza maiti haikuwepo. Akaenda kisirisiri, akafungua kidonda, akakuta kweli ni yeye. Hakunyamaza, alimwendea mkubwa wake papo hapo akamwambia.

Mkono wake ulikuwa mzuri, na Whipple alilijua hilo. Lakini alimketisha chini akamshauri aachane na upasuaji. Ati wanawake wengine aliowafunza hawakuweza kujikimu kwa kazi hiyo, na huu ulikuwa wakati wa njaa. Badala yake ajifunze nusukaputi, kwa sababu upasuaji usingepiga hatua bila wataalamu wa kumlaza mgonjwa na kumwamsha salama.

Mimi hapa huwa sijui nimweke wapi huyu mzee. Sehemu ya pili ya ushauri wake ilikuwa ya busara. Ya kwanza inanikera: kama wanawake waliofuzu vizuri walikosa wagonjwa, tatizo lilikuwa lao au la waliokataa kuwapelekea? Hata hivyo, Virginia alikuwa na deni. Akakubali.

Wakati huo kazi ya nusukaputi ilifanywa zaidi na wauguzi, na madaktari hawakuiheshimu. Alianza kwa kujifunza kwa wauguzi hao hao, kisha 1937 akaenda Wisconsin kwa Ralph Waters. Kule hakukuwa na malazi ya daktari mwanamke, kwa hivyo akawa wa kuhamahama kutoka chumba hadi chumba. Mwaka 1938 alirudi New York kuongoza kitengo cha nusukaputi. Kuongoza nani, sasa? Kwa miaka kadhaa alikuwa karibu peke yake, na baadhi ya wapasuaji hawakutaka kumchukulia kama daktari mwenzao.

Alikijenga kitengo hicho kwa zaidi ya miaka 10. Kilipopandishwa na kuwa idara kamili mnamo 1949, uenyekiti ulipewa mwanamume, Emanuel Papper. Virginia akawa profesa kamili, mwanamke wa kwanza katika shule hiyo ya udaktari. Halafu akahamia wodi ya kujifungua.

Ndipo asubuhi moja, kwenye mkahawa wa hospitali, mwanafunzi alimuuliza hali ya mtoto aliyezaliwa hupimwaje. Profesa mwingine angemwambia aende akasome. Yeye alinyakua kikaratasi kilichokuwa karibu akaandika mambo matano: mapigo ya moyo, kupumua, mtoto anavyoitikia akiguswa, nguvu ya misuli, na rangi ya ngozi. Kila moja sufuri, moja au mbili, jumla 10. Kisha akakimbia wodini kuyajaribu.

Unaweza kudhani ni jambo dogo. Kabla ya hapo macho ya wote yalikuwa kwa mama, na kitoto cha samawati kisicholia mara nyingi kiliachwa kwa kudhaniwa hakiwezi kupona. Sasa ilibidi mtu amtazame mtoto dakika ya kwanza, na alama ikiwa chini, asaidiwe kupumua mara moja. Utafiti huo ulichapishwa 1953.

Baadaye alirudi darasani kusomea afya ya umma Johns Hopkins, kisha mwaka 1959 akajiunga na shirika la March of Dimes kupigania watoto wanaozaliwa na kasoro. Alijifunza hata kurusha ndege. Alifariki 7 Agosti 1974, katika hospitali ile ile alikoanzia upasuaji. Kwa miaka mingi mkoba wake haukukosa kisu kidogo na mpira wa kupumulia, endapo angekutana na mtu anayekabwa na pumzi njiani.